Aproni Kwenye Msumari

"Basi baki na magodoro yako!"

"Nitabaki nayo. Wewe utabaki na nini? Mdomo?"

"Miaka yote hii najaza mito tu! Mkasi nitaushika lini, nikishaota mvi?"

"Siku utakayokata mstari ulionyooka. Jana ulikata kitambaa kama kimetafunwa na panya."

Karakana nzima ikaangua kicheko, na hapo ndipo kijana alipowaka. Hawakumwita Petroli bure. Alivua aproni, akamkazia macho mzee aliyekuwa msimamizi wake, akaenda nayo mpaka mlangoni na kuitundika kwenye msumari.

Cherehani zikanyamaza moja moja. Kwenye kiwanda kile hakuna aliyeandika barua ya kuacha kazi. Ukichoka, unatundika aproni. Kengele ya jioni ikilia, msimamizi anaishusha, anaikunja, anaipeleka ofisini, basi, umekwisha. Kabla ya kengele, bado ni yako.

Petroli hakungoja kengele. Alipanda ngazi mbili mbili mpaka kwa karani, mama mwenye miwani ya kuning'inia shingoni.

"Mama, nipe hela zangu za uzeeni. Zile mnazonikata kila mwezi."

"Umezeeka saa ngapi, mwanangu? Asubuhi nilikuona kijana."

"Naacha kazi."

"Aa." Karani akafungua kompyuta, wala hakuonyesha haraka. "Kwanza, hizi haziliwi leo. Ukipata kazi kwingine zinakufuata, zinaendelea kuzaa faida mpaka ustaafu."

"Kwa hiyo mmezifungia."

"Tumezifungia kwa sababu yako. Nakujua, zingeisha Jumamosi. Pili, kila ukikatwa mia, kiwanda nacho kinakuwekea mia juu yake. Hukujua?"

"Mimi nilijua mnakata tu."

"Si ulitia sahihi fomu?"

"Nilitia, sikuisoma. Kurasa sita, Mama!"

"Basi ukurasa wa tano unasema hivi. Uliyokatwa wewe ni yako tangu siku ya kwanza, hata ukiondoka kwa matusi. Ile iliyowekwa na kiwanda inakuwa yako ukitimiza miaka mitatu. Ukitoka kabla, inarudi kiwandani."

"Na mimi nina mingapi?"

Karani akavaa miwani, akasogea kwenye kioo cha kompyuta. "Mitatu kasoro siku nne. Hasira hasara, mwanangu, ila yako ina hata tarehe."

Petroli akakaa. Hakukaribishwa, alikaa tu. Uzee wenyewe haukumtisha, uzee ulikuwa shida ya watu wenye magoti mabovu. Lakini vumbi la sponji ya mito alivute yeye mpaka puani, miaka yote hiyo, halafu nusu ya kibubu chake aiache pale pale, yule mzee aendelee kucheka? Nusu nzima! Kwa siku nne!

"Mama, kengele bado dakika ngapi?"

"Sita."

Alishuka zile ngazi kama gunia lililoachiwa. Akafika mlangoni, akashika msumari. Mtupu.

"Kengele haijalia!" akapiga kelele. "Nasema haijalia! Nani kaishusha?"

"Mimi," msimamizi akajibu. Alikuwa amesimama karibu na cherehani ya mwisho, aproni mkononi, anakata uzi kwa meno. "Mfuko ulikuwa umechanika. Ningekurudishia ikiwa hivyo?"

"Ulijuaje nitarudi?"

"Umepanda kwa karani, si ndiyo? Basi, nikajua atakuhesabia siku."

Petroli akatazama viatu vyake. Wenzake wote walikuwa wameziacha cherehani wanamsikiliza, wambea wakubwa. "Mzee," akasema, "naomba aproni yangu."

"Hebu rudia. Hawa hawajawahi kukusikia ukisema naomba."

"Naomba! Nimeomba!"

Kicheko kikazuka tena, safari hii na yeye akacheka, hakuweza kujizuia. Msimamizi akamsogelea, akashusha sauti.

"Nilipokuwa rika lako nilitundika ya kwangu, kiwanda kingine. Zilibaki wiki mbili nitimize miaka. Hakuna aliyeniambia kitu. Unafikiri kwa nini na mvi zote hizi niko hapa nagombana na wewe, badala ya kuwa nyumbani nimenyoosha miguu?"

Petroli akazitazama zile mvi.

"Siku nne," mzee akaendelea, sasa kwa sauti ya kila mtu kusikia. "Mito. Ya tano nakupa mkasi tuone. Ukinikatia kama panya tena, msumari uko palepale."

"Na baada ya siku nne, kiwanda kinaendelea kuongeza?"

"Kila mwezi unaofanya kazi."

"Basi hapa hunitoi hata kwa winchi."

Kengele ikalia. Wenzake wakaanza kuvua aproni, wakigombania bomba la maji. Petroli akaichukua ya kwake mkononi mwa mzee, akaifunga, akaujaribu ule mfuko kwa kidole, akamgeuzia mzee mgongo na kwenda zake kwenye rundo la mito.