Masikio ya Wilma

Delbert Yancik aliingia ofisini kwangu Jumanne asubuhi, kofia mkononi kama ilivyo desturi yake, nami nikaipindua haraka karatasi iliyokuwa mezani asije akaona jina lake, la kumi na moja kutoka juu. Ilikuwa orodha ya watu arobaini ambao kiwanda kingewaachisha kazi Ijumaa. Mimi ndiye niliyeandaa barua zao za bima, na nilikuwa nimetia saini kwamba sitafungua mdomo.

"Bibie, una dakika mbili? Au akili yako imeshahamia kwenye donati za saa nne?"

"Kaa, Del. Wewe nakupa hata tatu."

Del alikuwa mchomeleaji, miaka ishirini na sita akiunganisha vyuma vya matrela. Mkewe Wilma alikuwa akipoteza usikivu kidogo kidogo, mpaka sasa hata kengele ya mlangoni haisikii. Novemba, msimu wa kujiandikisha kwa bima, ni mimi niliyemshawishi Del afungue akaunti ya matibabu: kila baada ya wiki mbili akatwe dola mia moja kabla kodi haijazigusa, na kwa mwaka zifike elfu mbili na mia sita, bei kamili ya vifaa vya kumsaidia Wilma kusikia. Uzuri wa akaunti hiyo ni kwamba fedha zote za mwaka unaruhusiwa kuzitumia tangu Januari, hata kama hujakatwa bado, na ukiondoka baada ya kuzitumia kampuni haikudai. Ubaya wake ni kwamba siku unapoondoka kazini inafungwa, na ulichokwisha kukatwa bila kukitumia kinabaki kwa kampuni. Nilimweleza yote mara tatu. Ajabu ni kwamba ubaya haukumsumbua hata kidogo. Uzuri ndio uliomkosesha raha.

"Alhamisi tuna miadi ya kuvichukua," alisema. "Lakini roho inasita. Ndiyo kwanza Machi, nimekatwa mia tano tu. Hizo nyingine ni za nani?"

"Ni zako. Sheria inasema ni zako."

"Sheria haikulelewa na baba yangu. Mzee yule hanunui nyundo mpaka pesa yote iwe mkononi. Nataka nimwambie Wilma tusubiri kiangazi, angalau nusu iwe jasho langu. Wewe ungefanyaje?"

Lilihitajika neno moja tu: chukua. Nisingekuwa nimetoa siri ya mtu. Lakini saa moja kabla, mkuu wangu, Bwana Pruitt, alikuwa amesimama palepale alipokaa Del, akaniambia kwa sauti ya chini, "Noreen, wiki hii usimhimize mtu yeyote kutumia chochote. Mmoja akikimbilia kwa daktari, wote watanusa. Na hasara itakuwa yetu." Kisha akaniuliza kisukari changu kinaendeleaje. Alijua vizuri kwamba dawa ninayojidunga kila siku inalipiwa na bima ya kiwanda hiki. Aliuliza kwa upole, kama mtu anayekujali.

"Noreen? Umelala?"

"Hakuna haraka, Del," nikasema.

Niliisikia sauti yangu ikitoka laini, ileile ninayowasomea watu masharti ya bima, na nikajichukia papo hapo. Uso wa Del ulikunjuka.

"Umenitua mzigo, wallahi." Akampigia daktari akiwa bado mlangoni, akaahirisha miadi. "Wilma atanuna na kunigombeza wiki nzima. Nami nitamjibu ninavyotaka, kwani atanisikia?" Akacheka peke yake, akavaa kofia, akaenda zake.

Nilikuwa na Jumanne nzima ya kumfuata, na Jumatano nzima. Nilimwona kwenye chumba cha chakula akila mkate wake wa nyama, akanipungia, nami nikampungia. Nilijiambia Del ni mtu mzima, ameamua mwenyewe. Nilijiambia pia kwamba huenda wakubwa wangebadili mawazo, ingawa barua nilikwisha kuzichapa. Alhamisi saa nane mchana, saa ya ile miadi, nilikuwa nikiikunja barua yake na kuitia kwenye bahasha.

Ijumaa alikuja na boksi la karatasi ngumu. Ndani mlikuwa na kikombe, barakoa yake ya kuchomelea na picha ya Wilma.

"Vile vifaa, nikivifuata leo hii?"

"Ilibidi iwe kabla ya leo, Del."

"Na mia tano yangu?"

Nikatikisa kichwa. Nilingoja aniulize kama nilijua. Nilitamani aniulize, anitukane, apige meza kwa ile mikono yake yenye makovu ya moto. Badala yake akaniangalia kwa huruma.

"Pole, bibie. Kuwaambia watu arobaini maneno haya si mchezo. Wewe wamekubakiza?"

"Wamenibakiza."

"Afadhali. Maana wewe una ugonjwa."

Akaubeba mzigo wake, akanifungia mlango taratibu nisipigwe na baridi.

Jumatatu, saa ya chakula cha mchana, nilipiga simu nyumbani kwao. Simu yao huwaka taa inapolia; akapokea Wilma.

"Haloo? Nani mwenzangu?"

"Ni Noreen, wa kiwandani. Wilma, nilijua. Jumanne nilijua anaachishwa, na bado nikamwambia hakuna haraka."

"Nani? Del hayupo, katoka kutafuta kazi. Sema kwa sauti, mwanangu, masikio yangu mabovu."

Nikafungua mdomo. Nje ya kioo cha ofisi yangu Bwana Pruitt alikuwa akipita na kahawa yake. Akasimama, akanitazama, akainua nyusi kuniuliza kama kila kitu ni salama. Nikamtabasamia.

"Sema kwa sauti," Wilma alirudia, wala hakuonyesha kuchoka. "Nipo, nakusikiliza."