Povu Juu ya Betri

Dokta Emerance hakuwa na subira na wajinga, na Mungu, kwa sababu anazozijua mwenyewe, akampangia kuishi Bunia katika miaka ile ambayo vita vilikuwa vimekwisha redioni tu. Alikuwa daktari wa upasuaji, na utafiti wake wa miaka mingi ulihusu jambo moja: gesi ya hidrojeni, jinsi inavyolipuka na jinsi inavyomharibu mtu. Wenzake walimcheka. Mji huu una risasi na maguruneti ya kutosha, walisema, ya nini kuhangaika na gesi? Yeye aliwaona vichwa maji waliovaa makoti meupe.

Jumatatu moja Osée, fundi wa kuchaji betri wa mtaa wa Mudzipela, aliletwa hospitalini amebebwa. Mtaa mzima ulikuwa umekwisha kuamua kwamba ametupiwa guruneti. Emerance alimkagua akakuta viwambo vya masikio vimepasuka vyote viwili, anakohoa damu na uso umeunguzwa kwa asidi. Mwilini hamkuwa na kipande hata kimoja cha chuma. Guruneti gani hilo, lipasue masikio ya mtu kisha lisahau kuacha vyuma?

Akaenda kukiona chumba mlipuko ulimotokea. Kwa kuogopa watu wenye silaha, Osée alikuwa amepigilia mbao madirishani na kuziba nyufa kwa magunia, kisha akaacha betri zake zikichajiwa humo hadi kukuche. Betri ikichajiwa hutoa hidrojeni, nayo ikikosa pa kutokea hujikusanya chini ya dari. Asubuhi bwana mkubwa akaingia, akawasha kiberiti apate kuona.

"Ulijilipua mwenyewe!" Emerance alimpigia kelele aliporudi wodini, akitumia na mikono.

Osée alitazama midomo yake, akaelewa. "Apana, Dokta. Ilikuwa grenadi. Mutu ya kutupiwa grenadi, batu banamuhurumia. Mutu ya kujilipusha na kiberiti, banamucheka mupaka anakufa."

Emerance alitamani kumzaba kofi, ila usoni hapakuwa na mahali pazima pa kulipokea.

Na laiti ingekuwa aibu tu. Jirani wa Osée aliitwa Xavier, mtu wa kabila la upande wa pili, na majuzi walikuwa wamegombania mpaka wa ua. Hiyo ikatosha. Xavier alitiwa kasho, kile chumba cha mahabusu nyuma ya ofisi ya mtaa, na vijana wakawa wanaizunguka nyumba yake na vidumu vya petroli. Kila mtu alijua kwamba nyumba kama hiyo ikiungua zitafuata mia, za pande zote mbili.

Emerance akaenda kwa shefu wa mtaa, Papa Baudouin, mzee mwenye tumbo la kumtangulia na miwani ambayo hakuivaa kamwe, aliishika tu mkononi. Akamweleza polepole, kama anayemfundisha mtoto kufunga viatu.

"Papa Shefu, umeelewa?"

"Nimeelewa, Mama Dokta. Ni gazi." Shefu akapiga mwayo. "Basi uelezee batu."

Kesho yake mchana akawaeleza, uani kwa shefu, mbele ya wazee wa mtaa. Kamate, kijana wa pikipiki, alimletea betri ikiwa imefunikwa kwa turubai, wakaiunganisha na jenereta. Ilipoanza kutokota, Emerance akaweka povu la sabuni juu ya vitundu vyake. Povu likashiba gesi, likavimba. Akalisogezea njiti inayowaka, iliyofungwa kwenye ncha ya fimbo ndefu.

Paa!

Kishindo kilikuwa kikubwa kuliko alivyokusudia. Wazee wote wakalala kifudifudi, maana katika hilo walikuwa mabingwa. Nje, soko likavunjika, akina mama wakakimbia na kuacha nyanya zikikanyagwa, na askari mmoja mpumbavu akafyatua risasi hewani. "Grenadi ingine! Grenadi ingine!" Emerance alibaki amesimama peke yake na fimbo yake, akipayuka kwamba ni sabuni, jamani, ni povu la sabuni.

Kisha umati ukafikiri. Hilo ndilo lililomuudhi kuliko yote, kwamba ulifikiri.

"Xavier iko mu kasho. Sasa hii ya leo, nani ametupa?"

"Basi hata ile ya kwanza haikuwa yeye!"

Kwa akili hiyo ya kuku, Xavier akafunguliwa kabla jua halijashuka, na wapo waliompa pole. Emerance alirudi nyumbani amenuna. Ukweli alikuwa nao, na haukumsaidia mtu.

Asubuhi wakamkamata Kamate. Nani alileta mzigo uliofunikwa? Kamate. Ukoo wake umetoka wapi? Kivu ya Kaskazini. Hiyo nayo ikatosha. Vidumu vya petroli vikahamia nyumbani kwa mama yake.

"Ni miye niliwasha!" Emerance aliwapigia kelele mbele ya kasho. "Na mukono yangu!"

Wakamtazama kwa upole. "Mama Dokta iko na roho nzuri. Anamuficha kijana."

Akaingia kwa shefu kwa hasira, hata hodi hakupiga, akamwambia yote: kwamba Mudzipela ni zizi la mbuzi, na Papa Shefu ndiye beberu anayetangulia. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka, akafunga mlango.

"Umemaliza? Ile gazi, mi nilielewa tangu siku ya kwanza. Lakini gazi haina sura, Mama. Batu ba hapa bamezika sana. Kila kishindo, banatafuta mutu yake. Weye unabapa gazi, bao banakurudishia mutu."

"Sasa tufanye nini?"

"Kesho nitaita batu bote mu kiwanja ya kanisa. Vijana bote, na petroli yao. Kamate nitamuketisha mbele, na Xavier kando yake, kila mutu aone mwenzake. Weye utakuwa nyuma ya ukuta. Lipusha povu yako. Kama batu bote iko pale, nani atakuwa ametupa?"

"Watasema ni shetani," Emerance alisema kwa kinyaa.

"Baseme. Shetani hana kabila. Hana nyumba ya kuchoma."

Miaka yote ya utafiti wake Emerance aliitumia kuwatoa mashetani katika milipuko, na sasa mzee huyu anamwomba amrudishe mmoja. Kutoka nje ilikuja sauti ya mama yake Kamate, akiwabembeleza vijana kwa majina ya utotoni.

"Sabuni iko?" akauliza.

Kesho yake alichuchumaa nyuma ya ukuta wa kanisa, akimsikia shefu akiwaita watu mmoja mmoja, naye akajidharau kuliko alivyowahi kumdharau mtu yeyote Bunia. Povu likavimba. Akawasha njiti, na kwa mara ya kwanza tangu aanze utafiti wake akamwomba Mungu asiwepo hata mtu mmoja wa kuelewa.