Kaniki ya Bibi Tabu

Nilitundika vitambaa arobaini na kimoja kwenye dari la ukumbi wa kanisa pale Majengo, na ugomvi wote ukawa wa kimoja tu.

Nilikuwa nimeomba watu waniazime nguo wanayoamini inawalinda. Wakaniletea leso za upako, mabaki ya sanda, joho la kwaya, vitambaa vyekundu vyenye mafundo ambayo mganga kakataza yasifunguliwe. Katikati nikaweka kaniki ya bibi yangu Tabu, pamoja na jina lake. Kijijini kwetu Chemba walimfukuza kwa uchawi, kisa ng'ombe wamekufa na macho yake ni mekundu. Miaka hamsini ya moshi wa kuni, yangekuwaje meupe?

Asubuhi ya ufunguzi wa maonyesho yangu akaja Mzee Zablon, mwenyekiti wa kamati ya ukumbi. Nikamwamkia, akaitikia. Alipita akisifia kazi yangu mpaka alipolisoma lile jina.

"Dorothea binti yangu, hii itoe. Nyingine zibaki. Vinginevyo wageni hawaingii."

"Kwani ina nini, mzee?"

"Haina kitu. Sisi hatuamini mambo hayo."

"Basi itoe wewe. Ngazi hiyo hapo."

Akaitazama ngazi, akakumbuka kwamba goti linamsumbua. Akamwita Geofrey, fundi wa taa. Geofrey akasema yeye kazi yake ni umeme. Angelina wa usafi akasema ana mimba, habari ambayo nadhani hata mumewe alikuwa hajaipata. Siku nyingine ningecheka.

"Bibi yangu walimshika," nikamwambia. "Walimshika mikono, wakamshika nywele, wakamburuta nje ya nyumba yake mwenyewe. Kumgusa yeye hakuna aliyeogopa. Leo mnaogopa nguo yake?"

Nikapanda ngazi, nikaifungua kaniki, Mzee Zablon akashusha pumzi.

"Ahsante, binti yangu."

Nikaibeba mpaka mlangoni, nikaitundika pale, usawa wa uso, ikaziba njia yote. Nje wageni walishaanza kujipanga.

"Ukitaka kufunga mlango, mzee," nikasema, "isogeze kwanza kwa mkono wako."

Alibaki amesimama, mikono mfukoni. Mgeni wa kwanza akaipitisha kaniki juu ya kichwa chake, akaingia.