Tofali la Elisabeth

Kinyesi cha popo hakitoki kwa ufagio. Tangu saa kumi na mbili asubuhi Séraphine alikuwa amepiga magoti kwenye roshani ya wanakwaya, kitambaa puani, akikwangua mbao kwa kipande cha bati, na karai la tatu lilikuwa bado halijajaa. Kazi hiyo haikuwa na mshahara. Tangu afe mumewe Casimir, aliyekuwa sakristani, makubaliano yalikuwa hayo: asafishe kanisa, aendelee kukaa katika nyumba ya vyumba viwili iliyo nyuma yake, yeye na binti yake Chantal na kitoto cha Chantal.

Chini, Padri Prospère alikuwa akimtembeza mgeni. Bwana Ruffin alikuwa mwenyekiti wa kamati mpya iliyotaka kanisa hili la kilimani liandikwe kuwa urithi wa nchi. Wafadhili walikuwa tayari. Walitaka kitu kimoja tu, ushahidi kwamba wenyeji ndio waliolijenga.

"Wanasema kila mukatekumeni alileta matofali yenye alama yake," Ruffin alisema. "Sasa yako wapi? Tumebandua lipu pande tatu, Padri. Hata alama moja!"

Séraphine aliacha kukwangua.

Alama alizijua. Zamani zile mtu hakubatizwa kabla ya kuleta matofali arobaini ya udongo wa mto Lukuga, aliyoyafyatua kwa mikono yake, na juu ya moja abonyeze alama yake lingali bichi. Waashi waligeuza alama zielekee ndani ya ukuta, azione Mungu peke yake. Hawa wasomi wangebandua lipu mpaka Krismasi. Yeye alizijua kwa sababu ukuta wa sakristia ulipoanguka kwa mvua, padri wa wakati ule alimwambia Casimir achukue matofali yote, ajengee nyumba. Katika lundo lile, juu ya tofali moja, Séraphine aliikuta alama ya mkono wa bibi yake Elisabeth: vidole vinne na kigutu kimoja, kazi ya jembe. Casimir akalipachika tofali hilo juu ya mlango, mkono ukiangalia chumbani.

"Mama, nyamaza," Chantal alimwambia mchana, akimnyonyesha mtoto. "Wale watu wa kravati shingoni wamekwisha kutuletea nini? Wanakujaka kubeba."

"Wataandika jina la bibi yangu. Ndani ya kitabu."

"Kitabu tutapika na sombe?"

"Weye unawaza tumbo tu."

"Miye nawaza paa, Mama."

Kesho yake Séraphine alimshika Ruffin mkono, akamwingiza ndani ya nyumba yake. Ruffin alipanda juu ya kiti, akalipapasa tofali, akapiga picha kumi, ishirini, akashuka na kumkumbatia.

"Mama, weye ndiyo dhahabu yetu!"

Akachemshiwa chai. Akaketi, akafungua daftari.

"Na haya mengine?"

"Yote ni ya sakristia, Papa. Chumba hiki na kile. Hakuna hata moja la kununua," Séraphine alijibu, kifua mbele.

"Nani aliwapa?"

"Padri wa zamani. Sasa ni marehemu."

"Karatasi iko wapi?"

"Alisema kwa mudomo. Watu wa kanisa wanapeana karatasi?"

Ruffin aliandika. Séraphine akamtamkia jina la bibi yake herufi moja moja, asikosee, kisha akatia sahihi pale alipoonyeshwa.

Barua ya kamati ilikuja baada ya wiki tatu. Padri Prospère aliisoma amesimama nje ya mlango. Nyumba imejengwa kwa mali ya urithi. Mkaaji mwenyewe amekiri. Mali irudishwe kabla ya wageni, wale wafadhili, kufika.

"Amekiri nani, Padri?"

"Mama Séraphine, ulitia sahihi."

"Nilitia sahihi ya bibi yangu!"

"Wangeweza kukushitaki. Papa Ruffin amekuhurumia sana." Padri aliikunja barua mara mbili, mara tatu, mpaka haikukunjika tena. "Halafu watakupa breve ya heshima, cheti chenye muhuri."

Breve walimpa kweli. Ruffin aliisoma kwa sauti siku ya Ijumaa, Mlinzi wa Urithi, watu wakapiga makofi huku mafundi wakiwa tayari juu ya paa lake. Waliangusha kuta kwa siku moja na nusu, kwa uangalifu mkubwa. Tofali la Elisabeth lilipewa namba. Jina halikuandikwa popote. Mabati na mlango aliachiwa, kwa kuwa havikuwa vya zamani.

Jumapili mvua ilitoka ziwani kwa kishindo. Séraphine, Chantal na mtoto walijibana kwenye baraza ya jirani, kati ya masufuria na godoro. Matofali yalikuwa yamepangwa uani kwa kanisa, chini ya turubai jipya la buluu, na kamati ilikuwa imeajiri mtu wa kuyalinda. Upepo uliingia chini ya turubai, ukalinyanyua.

"Mama Séraphine!" mlinzi alipiga kelele. "Shika kona ile! Wageni ni kesho, yakilowa watanifukuza!"

Séraphine alikuwa amekwisha kukimbia kabla ya kufikiri. Aliikamata kona kwa mikono miwili, akailalia kwa uzito wake wote. Maji yalimwingia shingoni, yakamteremka mgongoni hadi kiunoni. Chini ya kifua chake matofali yalikuwa makavu. Huko barazani mtoto alianza kulia, na Chantal akageuka, akampa mama yake mgongo.

"Vizuri, Mama," mlinzi alisema, amejibanza mlangoni mwa kanisa. "Vile vile. Usiachilie."