Tramu Mbili Reli Moja

Fundi saa alimaliza tramu yake ya kuchezea akamwita mkewe, mkunga, aje kuiona. Ubao wa reli haukuzidi meza ya kupigia pasi. Mkunga hakukubali sebule yake imezwe zaidi ya hapo. Tramu, ndogo kama kiberiti, ikazunguka, ikazunguka tena.

"Inakwenda wapi?" mkunga akauliza.

"Si unaona, inazunguka."

"Kuzunguka naona. Nauliza inakwenda wapi."

Fundi alinuna, lakini usingizi ulimpaa. Akaing'oa reli yote akaanza upya: njia moja nyembamba kutoka sokoni hadi hospitali, katikati sehemu ya kupishana, nyuma ya nyumba za maboksi banda la kulaza tramu. Sasa tramu zilikuwa mbili, na kila moja ilitaka dereva wake.

Jumapili mama mkwe akaja na mwanawe wa kiume, ambaye kwa kuropoka ukoo mzima ulimwita Kasuku. Mama akapewa tramu nyekundu, Kasuku ya kijani. Hata salamu hazijapoa, tramu zilikuwa zimekutana pua kwa pua mbele ya hospitali.

"Mama, rudi nyuma," Kasuku akasema.

"Nirudi nyuma mimi? Nimpishe mtoto niliyemzaa mwenyewe?"

"Abiria wangu wagonjwa!"

"Wangu wamepona, wana haraka ya kwenda kwao!"

Mkunga alicheka mpaka akashika mbavu. Fundi, jasho likimtoka, akakimbilia jikoni akarudi na mwiko.

"Sikilizeni. Anayeingia njia nyembamba lazima awe ameshika huu. Kuingia bila mwiko ni mwiko."

Mambo yakanyooka. Mama alifika sokoni, akamkabidhi Kasuku mwiko kwa heshima zote. Kasuku akaenda hospitali, akaurudisha. Mara mama akanyanyuka na mwiko mkononi, akaingia jikoni kuonja mchuzi, akakaa huko huko akipiga soga na binti yake.

"Mama!" Kasuku akapiga kelele kutoka kwenye sehemu ya kupishana. "Abiria wananigombeza!"

"Waambie washuke watembee!"

Waliondoka jioni wakiwa bado wanabishana nani alimchelewesha nani. Kesho yake fundi akaziendesha tramu zote mbili peke yake. Zilipishana vizuri, zikafika salama, hakuna aliyemzibia mwenzake njia. Baada ya safari chache akajiona mpweke kama mlinzi wa ghala tupu.

Akachukua simu. Tangu aoe, alikuwa hajawahi kumpigia mama mkwe kwa hiari yake.

"Shikamoo, mama."

Upande wa pili sauti ikaitika: "Marahaba. Mwanangu, usinifiche. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, mama. Nilitaka kujua utakuja lini."

Mama hakuamini, akaomba kwanza azungumze na binti yake.