Bawa la Kushoto

...na hili bawa la kushoto nalo, Muthama akilipaka leo picha imekwisha, na picha ikiisha Mbinya atashuka kwenye kile kigoda, atalikunja hilo shuka alilojitanda kama malaika, na kesho lori la magunia ya ndengu litamtoa hapa Kyuso limpeleke Emali kwa kaka yake Ndolo, maana ndivyo walivyoelewana, mke alisema nitakusimamia unichore mpaka malaika wa kanisa aishe halafu naenda zangu, na Muthama akaitikia kiume kabisa, kumbe wiki nzima anapaka bawa na kulifuta kwa kitambaa cha tapentaini, anasingizia rangi za mafuta, eti hazikauki upesi, eti zataka subira, mwongo mkubwa... "Baba Muthoki, hii malaika yako haiishangi? Mkono yangu imekufa ganzi"... mkono wa Mbinya, ndiyo, mkono huo huo uliochimba mchanga wa mtoni mwaka ule wa njaa, akichota maji kwa kikombe, mbuzi wakifa, na yeye mumewe yuko Mombasa anaandika mabango ya maduka, anangoja apate cha maana ndipo arudi, na aliporudi mikono mitupu hakuulizwa lolote, alipakuliwa chakula tu, afadhali angetukanwa... sasa vilima nyuma ya malaika amevipaka kijani, mvua imekubali mwaka huu, na shuka linapepea mwilini mwa Mbinya, Mungu wangu, anampenda huyu mwanamke... "Unanisikia ama naongea na ukuta?"... anasikia, anasikia, ila lini amewahi kumwambia baki, hata siku moja, amemzuia kwa hila tu, kama mtoto anayeficha kiatu cha mgeni, na mtu hazuiwi hivyo, mtu huombwa, tena kwanza huombwa msamaha, basi akatae, acheke, amwite mjinga, ni haki yake, lakini awe amelisikia... na mkono uliozoea kufuta unachovya nyeupe, unashuka polepole, unyoya, unyoya mwingine, bawa linajaa, zuri jamani, zuri kushinda la kulia, kitambaa kimeanguka na hana haja ya kukiokota, umebaki unyoya mmoja, Mbinya bado amesimama na shuka lake, ameinua kidevu, na Muthama anaupaka huku akijua kwamba kabla Mbinya hajakanyaga sakafu atakuwa ameshamwambia, nisamehe, usiende.