Kilobaiti Mia Tatu

Uso wa mtoto ulikuwa umelainika kupita kiasi, kama kipande cha sabuni kilichosahauliwa majini. Djamila aliutupia jicho kwenye skrini, akaona faili limeshuka hadi kilobaiti mia mbili na sabini, akasogeza kiti nyuma.

"Imekwisha, Mama. Sasa itapita."

Mwanamke mmoja alikuwa amesimama nyuma yake. Aliitwa Mado. Alikuwa ametoka Wamaza kwa pikipiki, safari ya siku mbili, na matope yalikuwa yamemkaukia kwenye kitenge mpaka magotini. Aliinama hadi pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo.

"Huyu haiko mutoto wangu," alisema.

Djamila alifumba macho. Kwa miaka kumi na mmoja, katika chumba chake kando ya soko la Kasongo, alikuwa akipunguza uzito wa picha za watu: watahiniwa, waomba kazi, wagonjwa wanaopelekwa mbali. Kila ofisi ilitaka nyuso nyepesi, zisizolemea mtandao. Mwanzoni alikuwa akizitazama, hata akacheka na wenyewe. Siku hizi alitazama tarakimu tu. Macho yalikuwa yanamwasha tangu asubuhi, na alichokitamani ni kufunga mlango akajinyooshe mkekani.

"Ni yeye, Mama. Ni foto ile ile uliyonipa. Nimeibana tu."

"Kovu iko wapi?"

Djamila akageuka, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akamtazama mteja wake usoni. Ndipo Mado alipomweleza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kueleza mara nyingi. Miaka sita iliyopita walikimbia risasi, yeye, mumewe Zéphirin na binti yao Olga, wakapotezana njiani. Zéphirin hakufika mwisho wa safari ile. Sasa Octave, afisa wa shirika linalounganisha jamaa, alikuwa amempata msichana katika kambi ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Msichana huyo alijiita kwa jina alilopewa na mama aliyemwokota, na jina la kijiji chake lilikuwa limemtoka. Familia nyingine nayo ilikuwa inamdai. Octave alitaka picha ya zamani inayoonyesha kovu lililo chini ya jicho la kushoto. Fomu ya shirika haikukubali picha inayozidi kilobaiti mia tatu, na gari la Octave lingeondoka kambini alasiri hiyo hiyo.

Djamila alifungua upya picha ya awali. Watu watatu walisimama mbele ya kanisa la Wamaza: Mado, Zéphirin, na Olga wa miaka minne katikati yao. Aliikuza mpaka akaliona kovu, dogo kama punje ya mpunga. Hapo akaelewa kosa lake. Programu ilipoambiwa ipunguze, ilitupa kwanza vitu vidogo.

"Nikiibana yote, kovu inafutika," alisema. "Imebaki kukata. Nimuache mutoto peke yake, nisimubane hata kidogo."

"Utakata nani?"

"Wewe. Na baba yake."

Mado alikaa kwenye benchi. "Mimi unitoe, niko hapa. Lakini baba yake hana foto ingine."

"Ya karatasi siigusi, Mama Olga. Hii utarudi nayo nyumbani. Nakata ile ya ndani ya mashine tu."

Mado alitikisa kichwa kukubali. Djamila akavuta mipaka ya picha, kanisa likatoweka, Mado akatoweka, na Zéphirin pia akaondoka, isipokuwa mkono wake, uliobaki begani kwa binti yake. Djamila alisogeza mpaka mara moja zaidi, mkono nao ukatoka. Mia mbili hamsini na tano.

"Na mukono?" Mado aliuliza.

"Unaongeza uzito."

"Uache, dada."

Aliurudisha. Mia tatu thelathini na nne. Maneno ya kukataa yalikuwa tayari mdomoni, yale yale anayowaambia wote. Lakini alikuwa amekwisha kuutazama mkono ule, na sasa hakuweza kuacha. Ulikuwa mkono wa mkulima, wenye ukucha mmoja mweusi, umelala begani pasipo kulilemea. Djamila aliinamia tena mashine, mgongo ukimuuma. Alijaribu hiki, akakifuta, akajaribu kile. Mwishowe akaondoa rangi. Zilikuwa zimepauka hata hivyo, wekundu wa gauni na ubuluu wa kipande cha ukuta kilichobaki. Picha ikawa ya kijivu, na kovu likabaki mahali pake. Mia mbili tisini na sita.

Mtandao ulikatika mara tatu. Mara ya nne picha ikapita. Djamila alisindika mlango, mteja mmoja akabisha akaenda zake, na wanawake hao wawili wakaketi pamoja wakingoja jibu. Mado alisinzia, akashtuka, akasinzia tena.

Adhana ya alasiri ilikuwa imekwisha ndipo ujumbe wa Octave ulipoingia. Djamila aliusoma kimya kwanza.

"Anasema nini?"

"Anasema kovu inaonekana vizuri, na amemwonyesha msichana picha kwenye simu yake. Msichana hakusema kitu. Hakusema ndiyo, hakusema hapana."

Mado alisogea karibu na meza.

"Anasema gari inamungojea, lakini msichana hajataka kuachilia simu. Anaomba abaki na foto. Octave ameuliza kama tunakubali aitoe kwa karatasi, amuachie."

Nje, pikipiki ilipita ikipiga honi, kisha sauti yake ikapotelea upande wa barabara ya Kabambare. Mado alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili.

"Soma tena," alisema. "Polepole."

Djamila akasoma tena, polepole.